Jeupe Lipo, la Kijani Lisubiriwe

Aprikoti zikiiva, soko la Chorsu jijini Tashkent halina adabu tena. Kila mtu ana sanduku kifuani, kila mtu anasukuma, na nyuki nao wanadai nafasi yao. Muattar alijipenyeza katikati ya watu hao akiwa amekumbatia masanduku mawili. Gauni lake la buluu la pamba lilikuwa limelowa mgongoni, kitambaa chekundu kimefungwa kisogoni, na miguuni alivaa viatu vyeupe vya unesi, maana alikuwa ametoka zamu moja kwa moja. Alikuwa amemwacha dereva wa gari la kukodi nje, kando ya ukuta, akamwomba amngoje.

Akaliona gari. Akafungua buti kwa kiwiko na goti, kisha akaduwaa. Mtungi mkubwa wa gesi, ule wa kuendeshea gari, ulikuwa umelala humo, haukuacha nafasi hata ya kuweka kofia.

"Wewe kaka!" alipiga kelele. "Mtungi huu umetoka wapi? Nilipokuacha haukuwepo!"

Kijana mmoja alitoka upande wa usukani, sambusa mkononi, shavu limejaa. Alimeza kwanza.

"Upo hapo tangu mwaka juzi, dada. Aliyekuja leo ni wewe."

Muattar akamtazama usoni. Dereva wake alikuwa mzee mwenye meno ya dhahabu. Huyu alikuwa na meno yake ya kuzaliwa, na alikuwa anayaonyesha yote.

"Mungu wangu. Nimekosea gari."

"Usijali, hutokea. Hebu nikusaidie kutafuta. Gari lako lilikuwaje?"

"Jeupe."

Kijana akageuza shingo akatazama ule mstari mrefu wa magari kando ya ukuta. Yote yalikuwa meupe.

"Vizuri," akasema. "Tumeshapunguza. Yamebaki yote."

Muattar alicheka mpaka sanduku la juu likayumba. Walilitafuta lile gari lingine kwa muda, wakachungulia vioo, wakatukanwa na mwanamke mmoja aliyekuwa ananyonyesha, lakini mzee wa meno ya dhahabu alishachoka kungoja akaondoka. Basi kijana akasema njia yake ilikuwa ya Yangiyul, alikoishi Muattar. Haikuwa ya Yangiyul hata kidogo. Alichukua shati lake safi lililotoka kupigwa pasi, akalikunja, akalitandika chini ya masanduku kwenye kiti cha nyuma ili aprikoti zisigongane. Muattar aliliona jambo hilo.

"Unaitwa nani, mwenye mtungi?"

"Elyor. Kazi yangu ni kupuliza rangi magari. Yaani kupuliza nyeupe. Asubuhi nyeupe, jioni nyeupe. Nikilala naota theluji."

Simu zilianza kwa sababu ya jamu ambayo Muattar alipika kwa zile aprikoti; Elyor alitaka kujua kama imeganda.

"Imeshika?"

"Imeshika, kaka Elyor. Asante kwa kuuliza."

Siku iliyofuata: "Na leo, bado imeshika?"

"Jamu ikishika imeshika. Sema shida yako."

"Shida yangu ni sauti yako."

Muattar alipigiwa simu akiwa anafua, akiwa anapika, akiwa amebanwa kwenye gari la abiria alfajiri, watu watatu kwenye kiti cha nyuma, mmoja akikohoa wote wanatikisika. Ndivyo alivyosafiri kila siku kwenda hospitali ya watoto mjini Tashkent, na ndivyo alivyorudi. Alikuwa amejiwekea akiba kwa miaka, mshahara na sindano alizowachoma majirani jioni, ili anunue gari lake mwenyewe.

"Na nataka jipya," alimwambia Elyor. "La kuvumilia ile barabara kila siku, lisilonifilisi. Si dogo mpaka magoti ya baba yafike kidevuni, wala si kubwa la kuringia."

"Twende tukalitafute, roho yangu."

"Nani amekuwa roho yako?"

"Samahani. Twende tukalitafute, dada nesi."

Ukumbi wa magari ulikuwa na baridi nzuri na harufu ya mpira mpya. Dogo lilikuwepo, la bei ndogo, lakini Muattar aliketi nyuma kichwa kikagusa dari. Kubwa lilikuwepo pia. Aliligusa kidogo kwa kidole kama mtu anavyogusa kitambaa asichokusudia kununua, akapita. Katikati ya hayo mawili palikuwa na moja la wastani, gia otomatiki, kiyoyozi, buti pana lisilo na mtungi. Elyor alifungua mlango wa nyuma akaingia, akatoka, akaingia tena. Kila mara mguu mmoja aliunyoosha mbele, mkono umeshika fremu ya mlango, uso umekunjamana.

"Kaka, unaumwa?" muuzaji aliuliza.

"Ndiyo. Goti."

"Pole. La kuanguka?"

"La baba mkwe."

Muattar aligeukia dirishani haraka, masikio yamewaka moto. Baba yake, Mzee Tolib, alikuwa na goti bovu la mguu wa kulia. Muattar alikuwa amelitaja mara moja tu, kwenye simu, akiwa na usingizi.

"Hili linafaa," Elyor alisema alipotoka mara ya mwisho. "Kiti kipo juu ya kutosha. Hatahitaji kuvutwa."

Ilibaki rangi. Muuzaji alieleza kwamba jeupe lipo, likilipiwa linatoka wiki hiyo hiyo. Rangi nyingine yoyote ni ya kuagiza. Muattar aliweka kiganja juu ya kibao cha mfano wa rangi ya kijani kibichi, ile ya majani ya mforsadi mvua ikishapita.

"Hilo litafika karibu na theluji ya kwanza, dada."

"Nipe siku za kufikiri."

"Fikiri. Nitakupigia mimi."

Njiani Elyor alisema, "Chukua la kijani. Nikiliona nitapona macho." Kisha akasema jambo jingine, kwa sauti ndogo, na Muattar akalijibu kwa sauti ndogo zaidi. Siku chache baadaye mjomba wa Elyor, Mzee Ganisher, akaja Yangiyul kuuliza habari za binti. Jumapili moja ya mwisho wa Julai ikachaguliwa iwe siku ya kumega mkate, na harusi ikapangwa mwanzoni mwa Septemba. Mkate ukishamegwa mbele ya wazee, binti ameposwa. Kurudi nyuma baada ya hapo ni aibu ya nyumba mbili.

Mama yake Elyor, Mama Hosiyat, alikuwa mjane. Mwanawe alipomweleza habari za Muattar, aliuliza anafanya kazi gani, anapika nini, na anakwendaje kazini mbali hivyo.

"Ananunua gari, mama. Jipya, kwa jasho lake."

Mama Hosiyat alijifunga mtandio akaenda kwa jirani kuomba chumvi, na nyumbani chumvi ilikuwepo mtungi mzima. Kesho yake mtaa wote ulijua: mkwe wa Hosiyat anaingia na gari. Kule kwao vitu vya bibi harusi huletwa kwa mume vikatandazwa, wanawake wakaja kuvitazama. Magodoro ya kukunja, vyombo, mashuka. Lakini gari! Elyor alizisikia habari hizo kwa kinyozi, povu likiwa kidevuni. Alirudi nyumbani akiwa amekusudia kumwambia mama kwamba gari ni la Muattar, si la kutandazwa. Alimkuta anakanda unga huku anaimba. Tangu wamzike baba, Elyor hakuwahi kumsikia akiimba.

"Nitamwambia kesho," alijisemea.

Kesho hiyo ikazaa kesho nyingine. Mama akasema lango la ua ni jembamba, halipitishi gari, na Elyor akajikuta anachanganya saruji.

Ndipo akampigia Muattar simu.

"Muattar, roho yangu, nimefikiri. Chukua jeupe."

"Jeupe? Wewe unayeota theluji?"

"Lipo tayari. Litakuwa limefika kabla ya harusi. Tena jeupe likiuzwa halikai sokoni, linachukuliwa siku hiyo hiyo."

"Nani anauza? Sijalinunua, wewe unaliuza?"

"Si kuuza... Watu wote husema hivyo."

"Watu wote ndio wanaonioa?"

Elyor alicheka, lakini cheko lilitoka bovu, na Muattar alilisikia.

Siku tatu kabla ya Jumapili alikwenda kwa fundi cherehani Lutfiya kujaribu gauni lake la hariri, la zambarau na manjano iliyokolea. Lutfiya aliishi mtaa wa akina Elyor. Mdomoni alikuwa na pini, na pini hazikumzuia.

"Hongera, binti yangu! Inua mkono. Tumesikia unaingia na gari. Siku hizi mwanamume akipata mke mwenye gari amepata mguu wa tatu. Geuka. Mama mkwe wako amevunja hadi lango!"

"Amevunja nini?"

"Lango. Alipanue. Simama wima, mwanangu, utachomwa."

Muattar alivua gauni, akashukuru, akatoka. Nyumba ya akina Elyor haikuwa mbali. Alisimama upande wa pili wa barabara chini ya jua kali, akaona. Nguzo ya zamani ilikuwa imelala chini, matofali mapya yamepangwa, na Elyor, shati kiunoni, kifua kimejaa vumbi, alikuwa anapima upana wa lango kwa kamba. Mama Hosiyat alimletea chai akamwambia kitu. Elyor akaitikia kwa kichwa.

Muattar hakumwita. Alitembea mpaka kona, ndipo akapiga simu. Akamwona kwa mbali akifuta mkono kwenye suruali na kupokea.

"Roho yangu!"

"Uko wapi?"

"Kazini. Napuliza nyeupe, kama kawaida."

Muattar aliitazama ile kamba mkononi mwa Elyor.

"Muattar?"

"Nipo kwenye kona ya mtaa wenu, kaka Elyor. Lango linapendeza. Lakini nadhani mmelipima kwa gari ambalo si lenu."

"Ngoja! Usiondoke, nakuja..."

"Ukija nitapiga kelele watu wajae. Jibu moja tu. Mama yako amesema gari ni la nyumba yenu?"

"Muattar, sikiliza..."

"Amesema, hakusema?"

"Amesema."

"Na wewe ukamwambia nini?"

Elyor alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa mfupi sana, nao haukutoka.

"Basi," Muattar alisema. "Kumbe siku ile ukumbini ulikuwa unakagua mali." Akakata.

Elyor alipiga tena na tena. Muattar aliigeuza simu kifudifudi juu ya meza ya jikoni, ikawa inatetemeka kama mende aliyepinduka. Jumamosi jioni alikuwa anakata karoti za pilau ya wageni. Mzee Tolib aliingia akichechemea. Alivuta kigoda, akachukua kisu cha pili, akaanza kumenya vitunguu ili binti awe na sababu ya machozi.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Nikikataa kesho, mbele ya wazee, utaaibika?"

Mzee alimenya kitunguu mpaka kikaisha.

"Nitaaibika. Siku moja, labda wiki. Mimi mzee, wiki naiweza. Wewe ukikubali na moyo umekataa, utabeba miaka, na sitakuwepo kukusaidia kubeba." Akachukua kitunguu kingine. "Amekufanyia nini?"

"Hakufanya kitu, baba. Ndilo kosa lake."

Jumapili wageni walifika jua likiwa juu. Mzee Ganisher katika joho lake la milia, Mama Hosiyat katika gauni jipya la kijivu lenye kola ya lasi, na wanawake wawili wa ukoo waliobeba mikate iliyofungwa kwenye vitambaa. Mama Hosiyat alimletea Mzee Tolib dawa ya kuchua goti, mafuta ya kondoo aliyoyeyusha mwenyewe. Alimkabidhi mlangoni, kabla hata ya salamu kuisha. Muattar aliliona hilo pia, na moyo wake ukazidi kuuma, kwa sababu ni vigumu kumkasirikia mtu wa namna hiyo.

Walikaa. Dua ikasomwa. Mikate miwili ikawekwa katikati ya kitambaa cha chakula, mmoja juu ya mwingine. Muattar alisimama karibu na mlango na birika la chai, uso hauna damu.

"Basi, Mzee Tolib," Mzee Ganisher alisema, akakunja mikono ya joho. "Tumekula chumvi, tumesema mema. Tumege."

"Ngojeni," Muattar alisema.

Binti hasemi siku hiyo. Mzee Ganisher alibaki mikono hewani.

Na kabla Muattar hajaongeza neno, mlango wa ua uligongwa, viatu vikavuliwa upesi upesi, na Elyor akaingia. Shati limelowa, rangi nyeupe bado kwenye kucha. Bwana harusi haji siku ya mkate. Hata watoto wanajua.

"Elyor!" Mama Hosiyat aliruka. "Una wazimu? Hii si siku yako!"

"Ndiyo maana nimekuja, mama. Nisipokuja leo, nitakuja lini?" Alipiga magoti karibu na mlango, mahali pa mdogo kuliko wote. "Mzee Tolib, mjomba, nisameheni. Mama amewaambia watu kwamba Muattar anatuletea gari. Si kweli. Muattar hakuahidi. Gari ni lake, la kwenda kazini na kumbeba baba yake. Nilijua, nikanyamaza. Nikajenga na lango. Hata lile jeupe nilimsukumia ili lifike kabla ya harusi, mama asiaibike."

"Kwa nini ulinyamaza?" Muattar aliuliza. "Nilikuuliza kwenye simu. Kwa nini?"

Elyor alimtazama mama yake, kisha sakafu.

"Kwa sababu alikuwa anaimba."

Mama Hosiyat alikuwa amefunika mdomo na ncha ya mtandio. Alipouondoa, alionekana mzee kuliko alivyoingia.

"Nilipoolewa," alisema, "nilikwenda na sanduku moja. Wifi zangu wakatandaza vitu vyangu, wanawake wakaja kutazama. Vikaisha kabla zulia halijajaa. Mmoja akauliza, 'Vingine viko njiani?' Wakacheka. Miaka yote hiyo, kila nikikorofishana na mtu, ni lile neno: vingine viko njiani?" Alifuta pua. "Nikataka mkwe wangu aingie watu wafunge midomo. Sikumfikiria yeye. Nilifikiria midomo yao."

Simu ya Muattar ikalia mfukoni mwa aproni. Aliitazama. Ilikuwa namba ya ukumbi wa magari. Akapokea hapo hapo, na katika ukimya ule sauti ya muuzaji ilisikika na kila mtu.

"Dada, habari ya Jumapili! Jeupe limebaki moja, na kuna mtu amesimama hapa analitaka. Nikuwekee, au bado unataka la kijani?"

Muattar aliwatazama mmoja mmoja. Baba yake, ambaye alikuwa ameshika goti. Elyor pale chini mlangoni, ambaye hakuthubutu hata kutikisa kichwa. Mwisho alimtazama Mama Hosiyat.

"La kijani," alisema.

"Litachelewa, dada. Mpaka karibu na theluji."

"Lichelewe."

Akazima simu. Aliweka birika chini akapiga magoti mbele ya Mama Hosiyat, karibu kiasi cha kunusa mafuta ya kondoo mikononi mwake.

"Mama, umesikia. Harusi ni Septemba, gari ni majira ya theluji. Kama mkate huu utamegwa leo, mimi nitaingia kwenu kwa miguu yangu. Na magodoro, na vyombo alivyoacha marehemu mama. Watu watauliza. Watacheka. Na gari likija, litakuwa langu, nitaamka nalo alfajiri kwenda kazini. Mtanipokea hivyo?"

Mzee Ganisher alikohoa. Elyor alifumba macho.

Mama Hosiyat alinyoosha mkono, akarudisha ndani ya kitambaa unywele wa Muattar uliokuwa umetoka kwenye paji, kama mama anavyofanya asubuhi mtoto akienda shule.

"Siku ile mimi nilipofika," alisema, "hakuna aliyetoka nje kunipokea. Walikuwa wanangojea sanduku. Nilisimama na vumbi langu mpaka mtoto wa jirani akanishika mkono akaniingiza." Akakishika kidevu cha Muattar. "Wewe nitakungojea barabarani. Kitambaa cheupe anachokanyaga bibi harusi akiingia nitakitandika kuanzia huko, si mlangoni. Na mtu akiuliza gari liko wapi, nitamwambia linakuja na theluji. Akitaka, akae pale pale nje alingoje."

Mmoja wa wale wanawake alicheka kabla hajajizuia, na Mzee Tolib naye akacheka, mabega yakitikisika.

Mama Hosiyat aliichukua ile mikate, akaisogeza kwa mikono miwili.

"Mzee Tolib, mega wewe. Mimi natetemeka."

Mzee alimtazama binti yake. Muattar aliinamisha kichwa, mara moja, polepole. Mkate ukapasuka kwa sauti kavu, harufu ya ufuta ikajaa chumbani, na vipande vikapita mkono kwa mkono mpaka vikamfikia Elyor, ambaye hakutakiwa kuwepo. Alikishika chake bila kukila, kana kwamba anaogopa kitachukuliwa.

"Kula, wewe," Muattar alimwambia. "Na kesho ukaiondoe hiyo rangi kwenye kucha, unachafua mkate wa watu."

"Ndiyo, roho yangu," alisema mbele ya wazee wote, akawa mwekundu mpaka shingoni.

Muattar aliinua birika. Alimimina chai kidogo tu kwenye bakuli, kiasi anachomiminiwa mgeni unayetaka akae muda mrefu ukawa unamwongeza na kumwongeza, akampa wa kwanza Mama Hosiyat.